Nailoni Mbili

Uvundo ulimpokea Pua mlangoni kabla ya mwenye nyumba. Ulikuwa mzito, wa nguo mbichi zilizosahaulika ndani ya ndoo. Alisimama kizingitini, akafumba macho, akanusa.

Jina la Pua alipewa na kazi. Nyumba ikinuka uvundo, huitwa yeye akatafute unakotoka na kuutibu. Wapo wateja wanaopulizia manukato kwanza, kwa aibu. Hao huwaambia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua," kisha huwadai chai.

Hapa hakuna aliyepulizia kitu. Binti wa nyumba alikuwa amempigia simu huku akilia. "Fundi, nimebakiwa na mzazi mmoja tu. Daktari amesema kifua chake hakitauweza ule ukungu mwaka mwingine. Nimemwomba ahamie kwangu, hasikii la mtu. Nisaidie, nisije nikazika tena. Mlango utaukuta umerudishwa tu, wewe ingia."

Aliingia. Ndani, kwenye chumba kidogo cha cherehani, alikuta bibi mmoja ameketi, shali begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa kuja."

Hakumkaribisha hata maji. Pua, mpenda chai yule, alilitia hilo moyoni.

"Unaanzia chumbani kwa mume wangu," bibi alisema, akatangulia. "Tangu msiba, dirisha lile halijafunguliwa."

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Koti lilining'inia msumarini. Ukuta wa upande wa kichwani ulikuwa umeota ukungu mweusi, na dirisha lilikuwa limezibwa matambara kila ufa, kana kwamba kuna kitu kinazuiwa kisitoke. Pua alipapasa ukuta, akagonga, akanusa. Hakusikia bomba wala hakuona paa linalovuja.

"Vitu vyake umeviacha vilevile," alisema kwa upole.

"Vipo. Lakini mwenyewe hatulii. Usiku namsikia anakohoa. Namwita, haitiki. Nasimama hapo mlangoni nalia, haitiki. Ndoa yetu nzima hakuwahi kunipuuza hivi."

Mwili ulimsisimka Pua. Amezoea wajane na maneno yao, lakini bibi huyu alizungumza kama mtu anayemshtaki jirani. Akajitia kutafuta mkasi ndani ya mfuko.

Alikata kipande cha nailoni, akakibandika juu ya ukungu kwa selotepu pande zote nne.

"Hiki kitatuambia kesho, mama. Matone yakiwa nyuma yake, ukuta ndio unaolia. Yakiwa mbele, unyevu ni wa humu humu chumbani. Ni pumzi za mtu."

"Bandika na kwangu."

"Kwako kukavu, mama, hakuna haja."

"Bandika, usinibishie. Mimi silali siku hizi. Nakaa pale penye cherehani, mlango umefungwa, mpaka kunakucha."

Mkubwa habishiwi. Wakarudi kwenye cherehani, na Pua akabandika cha pili ukutani, juu kidogo ya kiti cha bibi. Alipoinama karibu naye, ile pua yake maarufu haikupata sabuni, wala mafuta, wala jasho. Loo, leo uvundo umenimaliza, akajisemea.

Alipofika kwake, mkewe alimtania. "Mume wangu, leo unanuka woga." Pua akacheka, lakini mkewe hakukosea.

Asubuhi alirudi. Bibi alikuwa kwenye kiti kilekile, macho mekundu.

"Amekohoa usiku kucha," alisema. "Nenda ukaone."

Chumbani shuka lilikuwa limevurugika na mto una shimo la kichwa. Nailoni ilikuwa imelowa kwa mbele, matone yanakimbizana hadi sakafuni. Pua aliibandua akapitisha kidole nyuma yake. Kukavu. Ukuta masikini haukuwa na kosa lolote. Kuna mtu mwenye pumzi zake alikuwa amelala humu.

"Mama yangu wee!" Akashika ukingo wa kitanda.

"Umeona?" Bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Sasa dawa yake nini?"

"Dirisha. Lifunguliwe, hewa ipite. Dawa nyingine hakuna."

"Basi mwambie. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Mwambie mkewe ameruhusu, afungue tu."

Kumwambia marehemu! Pua alitaka kutoka mbio aache hata mfuko wake. Lakini alimkumbuka yule binti alivyolia kwenye simu, na nailoni ya pili ilikuwa bado. Akampita bibi, akajikaza hadi chumba cha cherehani, aibandue aondoke zake.

Chumba chenyewe kidogo kama kabati. Mtu akikesha humo mlango umefungwa, ukuta lazima utoe jasho. Pua alipitisha kidole mbele ya nailoni. Kukavu. Akapitisha nyuma. Kukavu. Akakitazama kiti kilichokuwa chini yake, kile bibi alichokuwa amekalia muda si mrefu. Vumbi lilikuwa limekifunika chote, halina hata alama.

Nyuma yake mtu alikohoa.

Mzee mmoja alikuwa amesimama ukumbini, taulo begani, anatoka kuoga.

"Ah, fundi! Jana ulikuja nikiwa kwa daktari. Binti yangu ameniambia," alisema akihema. "Fanya kazi yako, baba, vunja hata ukuta ukitaka. Ila lile dirisha usinigusie, nakuomba. Harufu ya marehemu mke wangu bado imo mle chumbani, nami sina kingine cha kwake."