Shida Huachwa Getini

Konstebo Mwachiro alipiga saluti, akaweka mezani barua yake ya tatu ya kuomba ruhusa. Mkewe alikuwa wodini, wiki ya pili sasa. Mkuu wa kituo, ambaye jana tu alimpa mpwa wake, askari mwenzao, likizo ya kwenda harusini, hakuisoma.

"Askari huacha shida zake getini. Rudi kazini."

Kwenye kaunta kulikuwa na mama aliyesubiri tangu asubuhi.

"Afande, binti yangu leo siku ya pili haonekani. Naomba umwandike tu kitabuni." Alitoa ndala moja ndogo ya buluu. "Tumeokota hii peke yake."

Mwachiro hakuinua macho. "Mama, shida za nyumbani ziache getini."

Yule mama aliichukua ndala yake. "Sawa, baba," akasema, akatoka.

Baadaye kidogo honi ya gari la mkuu ililia uani. Mwachiro alikimbia kufungua geti. Ndala ilikuwa imewekwa katikati ya njia, hapo getini, na mama ameketi kando yake. Honi ililia tena. Mwachiro alishika komeo kwa mikono miwili, macho kwenye ndala, akashindwa kulivuta.