Lile la Chini Kabisa

Nilipobofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye kompyuta ya Mama, menyu ilishuka mpaka ukingo wa chini wa kioo. Kila programu ambayo kaka yangu Yared aliwahi kuijaribu ilikuwa imeacha chaguo lake humo.

"Mama, takataka zote hizi za nini? Naziondoa."

"Ondoa," alisema Mama, akitikisa kikaango cha kahawa juu ya mkaa. "Ila lile la chini kabisa usiliguse."

"Kwani lina nini?"

"Wewe mtoto, umetoka Mekele mpaka Addis kuja kunihoji? Usiliguse!"

Nikafuta moja baada ya jingine, likabaki hilo: *Msomee Mama*. Yared alikuwa amelitengeneza mwenyewe.

Hamu ya kujua ikanishinda. Nikalibofya juu ya barua pepe niliyomtumia Mama siku ya Pasaka, ile aliyoniapia kwamba ameisoma mwenyewe mara mbili.

Kompyuta ikaanza kusoma kwa sauti: "Mama yangu, huku mvua imechelewa..."

Nikageuka. Kikaango kilikuwa kimetulia. Kahawa, ambayo Mama hajawahi kuiunguza maisha yake yote, ilikuwa inafuka moshi mweusi, na midomo yake ilikuwa ikitamka maneno yangu, neno moja mbele ya mashine.