Mkono wa Kushoto

Tangu kiharusi kidhoofishe mkono wake wa kushoto, Mwajabu alikuwa akilishwa na kuvishwa na mumewe, Kondo. Asubuhi hiyo walikuwa uwanjani, Mwajabu akijifunza kurusha helikopta ndogo ya rimoti aliyoletewa na binti yao ili vidole vizoee kazi. Mara upepo ukavuma, ukaisukuma helikopta kuelekea mabati ya soko.

“Lete, itavunjika!” Kondo akanyoosha mikono aichukue rimoti.

“Niache, Baba Shani. Nitaigeuza mwenyewe.”

Kidole gumba cha kushoto kikatetemeka, kikasita, kisha kikasukuma. Helikopta ikageuka taratibu, ikaukabili upepo, ikasimama hewani huku ikitikisika.

Kondo alibaki amenyoosha mikono mitupu, asijue aiweke wapi.