Skrubu ya Hewa

"Mzee, hii si mashine ya boti, ni nanga," mnunuzi alisema, injini ilipokohoa na kuzimika mara ya tatu.

"Uzee huo," baba alijibu. "Basi tuache biashara."

Asubuhi nzima tuliisafisha, tukabadilisha plagi, na bei baba aliipanga mwenyewe. Tangu boti impindukie baba baharini, mama hakupata usingizi mpaka baba alipoahidi kuiuza.

Mama aliinama kwenye tangi la mafuta, akalegeza skrubu ya hewa kifunikoni, ile inayoruhusu mafuta kufika kwenye injini, ambayo baba huilegeza kila safari kabla ya kugusa kamba ya kuwashia. Leo ilikuwa imekazwa.

"Umeinyima pumzi," alimwambia kwa upole. "Vuta tena, baba watoto. Ukichoka, nitavuta mimi."

Baba alimtazama. Akaizungusha kamba kiganjani, akavuta kwa nguvu zake zote.