Maiti Aliyepiga Chafya

Maiti alipiga chafya, na ukumbi mzima ukajifanya haukuona.

Maiti mwenyewe, Bi Winifred Tuffnell, alikuwa amekaa safu ya pili na kikombe cha chai, akijitazama kwenye kitambaa cheupe cha sinema amelala jenezani, uso umepakwa unga. Hii ilikuwa filamu ya tano ya kutisha ya jirani yake Leonard, mwalimu mstaafu wa jiografia. Kama zile nne, ilionyeshwa Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kanisa, hapo hapo kijijini Norfolk, Uingereza, ilikopigwa.

Kutisha kwenyewe sasa! Damu ilikuwa jemu ya stroberi, mbegu zake unazihesabu. Zimwi la kinamasini lilikuwa zulia la sebuleni lenye zipu mgongoni. Na mwaka 1645, mchawi akiwa anapelekwa kunyongwa, trekta likakatiza nyuma yake.

Ila ukungu! Ule ulikuwa wa kweli, wa bure, ukitambaa kutoka kinamasini kama una akili zake. Ulipomeza makaburi, Winifred alisisimka mpaka kisogoni. Leonard, pembeni yake, alikuwa ameinamisha kichwa. Haya za msanii, Winifred aliwaza.

Taa zikawaka. Macho ya watu yakamwendea Winifred kwanza, kisha makofi.

"Nzuri mno, Lenny," akasema, kama kawaida yake.

"Ukungu ulitisha kweli," akadakia Barnaby, muuza nyama, aliyecheza zimwi. Ndivyo walivyo watu wa huko: wakikosa la kusifu, wanasifu hali ya hewa.

Winifred akainywa chai yake kama dawa. Miaka sita ya "nzuri mno"! Wiki moja baada ya Winifred kumzika mumewe Cedric, Leonard alibisha hodi na karatasi mkononi, akimwomba aigize mzimu. Kapera wa watu, mpweke, amesimama kwenye mvua, ungemkatalia vipi? Tangu hapo amezikwa mara tatu, akazamishwa mtoni mara mbili, na kila mara akamsifia. Sasa uongo wake ulikuwa umeota pembe: Jumatatu Leonard alikuwa anauza karavani yake, ile nyumba ya magurudumu anayolala ufukweni kila kiangazi na kuipenda kama mke, apate pesa za filamu ya sita.

Akamfuata jikoni, alikokuwa anaosha vikombe.

"Lenny, usiuze."

"Mnunuzi nishapata. Safari hii utakuwa malkia wa vampaya, we subiri tu."

"Lenny, ni mbaya."

Kikombe kikasimama hewani.

"Filamu zako. Zote. Zimwi lina zipu, jamani! Mimi maiti napiga chafya, na wewe unaendelea kupiga picha!" Akamsogelea. "Nimekuangalia machoni miaka sita nikikudanganya. Nilijua ndiyo furaha yako pekee, nikaogopa kukuvunja moyo, na sasa nimekufikisha kwenye kuuza karavani. Nisamehe."

Leonard akakirudisha kikombe kwenye maji. Winifred akajiona muuaji. Akatamani amtukane, ampige hata na sinia, mradi asisimame hivyo na povu mikononi.

"Nawe ulikuwa huzipendi?" akauliza Leonard polepole. "Hata moja?"

"Hata moja."

"Winnie, mimi picha za kutisha naziogopa. Sijawahi kuangalia hata moja ikaisha."

Akajifuta mikono, akafungua kidirisha cha kupitishia chai, akachungulia ukumbini.

"Jamani, hazipendi!" akapaza sauti. "Miaka sita tunagaagaa kwenye tope ili mjane wa watu asikae ndani akilia, kumbe mwenyewe hazipendi!"