Kitambaa cha Meza cha Bi Kurokawa

Fumie Nagasawa aliingia jikoni kwa jirani yake kupitia mlango wa nyuma, miguuni bado amevaa kandambili za chooni. Kwa miaka hamsini na minane ya maisha yake hakuwahi kuzivaa hata hadi sebuleni.

"Fumie, miguu yako!" alisema Tomiko.

"Achana na miguu. Niazime kitambaa."

Tomiko hakuuliza kitambaa gani. Asubuhi ile Bi Kurokawa, mwenye miaka themanini na miwili, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuaga. Kesho mwanawe angekuja kumhamishia kwake Nagoya. Na kila nyumba ya kichochoro kile ilikuwa na kitambaa cha meza alichokishona yeye, kirefu na chembamba, cha viraka vya kimono chakavu vilivyotiwa pamba katikati na kupigwa mishono midogo kwa mkono. Vyote vilikuwa vya rangi ya udongo na zambarau iliyochoka. Tuseme ukweli, vilikuwa vibaya.

"Chako kiko wapi?"

"Nilikitupa."

"Wewe mwanamke!"

"Yule mume wangu Goro alikimwagia mchuzi wa bizari, katikati kabisa. Nimekifua mara tatu. Mwezi wa tatu nikakitia kwenye takataka za kuchomwa."

"Kwenye ile mifuko inayoonyesha kila kitu?"

"Nilikizungushia gazeti. Sina wazimu, shoga."

Tomiko alicheka. Fumie hakucheka.

"Yule mama alikaa na mama yangu kila alasiri, miaka miwili mizima, akimlisha uji kwa kijiko mimi nikiwa kazini," alisema. "Siku ya arobaini na tisa tangu mama afariki, siku ya kumwombea, akaniletea kile kitambaa. Sasa anaondoka. Aende Nagoya akijua nimekitupa? Sitapata tena nafasi ya kumtazama machoni."

Tomiko alifungua droo. Chake alikuwa amepewa mwezi wa saba, mumewe alipotoka hospitali, na hakijatoka humo tangu siku hiyo.

"Atajua si chako."

"Vyote sura moja. Na mtu mwenyewe ana miaka themanini na miwili."

"Mtu mwenyewe anatunga uzi kwenye sindano bila miwani," alisema Tomiko. "Halafu anaanza kwangu. Nami nitatandika nini?"

Wakatazamana. Kengele ya mlango wa mbele ikalia.

Kwa dakika ishirini Fumie alisimama chini ya dirisha la jikoni, mvua ya Novemba ikimnyeshea kichwani. Alisikia Bi Kurokawa akikisifia kitambaa cha Tomiko kwamba kimekaa vizuri pale mezani. Alimsikia Tomiko akiapa kwamba hajawahi kukiondoa. Hatimaye mgeni akaenda mlangoni kuvaa viatu, kazi inayomchukua muda mrefu siku hizi, na dirisha likafunguka.

"Kimbia," alinong'ona Tomiko, akamrushia.

Fumie alikimbia, kitambaa kifuani ndani ya sweta. Alikitandika kwenye meza yake fupi, akakinyoosha kwa viganja, ndipo akaona. Katikati kabisa palikuwa na jani jekundu la vidole vitano, limeshonewa juu ya viraka. Chake hakikuwa na jani. Alitazama huku na huku, akachukua sahani ya machenza akaiweka juu yake.

Kengele ikalia.

Bi Kurokawa aliketi taratibu, akamkabidhi taulo ya kuagia iliyofungwa kwa karatasi nyeupe, akapokea chai. Alimtazama mwenyeji wake kichwani.

"Umelowa, mwanangu."

"Nilikuwa natoa takataka, Bi Kurokawa."

"Leo si siku ya takataka."

"Nilisahau."

Bi Kurokawa aliitikia kwa kichwa. Miaka kumi na minne sasa yeye ndiye aliyekuwa akitandaza wavu wa kuzuia kunguru pale pa kukusanyia takataka, na kufagia gari likishaondoka. Aliweka kiganja juu ya kitambaa.

"Kina joto."

"Ni jua la dirishani."

Wote wawili walitazama dirishani. Mvua ilikuwa imezidi.

"Naona umekitunza," alisema Bi Kurokawa.

"Nitaachaje?" alisema Fumie, na safari hii hakuwa akiigiza. "Uliyomfanyia mama yangu hata dada yake hakuyafanya. Kila nikila hapa nakukumbuka. Sikitoi mezani, naapa. Hata Goro anajua, akikichafua mimi na yeye hatuelewani."

"Goro hajambo?"

"Hajambo. Bado anakula ovyo."

Bi Kurokawa alitabasamu. Akanywa chai yake hadi mwisho, akaipangusa midomo. Kisha, bila haraka, akachukua chenza moja, halafu jingine, akayapanga mapajani hadi sahani ikabaki tupu, akaisogeza pembeni. Jani jekundu likabaki wazi kati yao.

Bi Kurokawa alilipapasa lile jani kwa kidole gumba, kwenye ukingo wa mshono.

"Usijisumbue, mwanangu. Bizari haitoki, hata mimi nilikifua mara tatu," alisema. "Ndiyo maana nikaweka jani kabla sijampa Tomiko."