Shubiri Moja Chini ya Swichi

Fundi umeme alichovya brashi kwenye rangi, kisha akasita. Chini ya swichi ya chumba cha marehemu mama yake, ukuta ulikuwa mweusi kwa alama za vidole.

Alikuwa amewashushia swichi ukutani wagonjwa wa mtaa mzima wasioweza kusimama. Mama, tangu akalie kiti cha magurudumu, aliambiwa tu, "Kesho, mama." Majirani walimtania fundi kwamba mganga hajigangi, naye akacheka.

Alikikalia kile kiti, akanyoosha mkono mpaka kwapa likauma. Vidole vyake viliishia kwenye zile alama.

Dada yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Kila nikimkuta gizani nilimuuliza mbona hawashi taa," alisema. "Akaniambia taa inamuumiza macho."